Madebe manne ya mahindi yenye ukungu

Norwich, Juni

Mama, shikamoo.

Dada ameniambia kwamba madebe manne ya mahindi ya mwaka jana yameota ukungu, na umekataa yatupwe. Unataka yachambuliwe, yakobolewe, na mabaya zaidi wapewe kuku. Neno linalokuzuia nalijua, maana ndilo ulilotulea nalo: chakula hakitupwi, kukitupa ni kukufuru. Lilitufaa sana miaka ya njaa. Kwa mahindi haya, Mama, nakuomba tulitazame upya.

Ule ukijani kwenye kiini cha punje ni ukungu, na ukungu huo hutoa sumukuvu. Sumu yenyewe haionekani wala hainuki, kwa hiyo punje inayong'aa nayo huweza kuwa na sumu. Jikoni haitoki: huvunjika kwenye joto la zaidi ya nyuzi 200, na ugali unaotokota hauvuki 100. Mwaka 2004 kule Makueni na Kitui, Kenya, watu 317 waliugua na 125 wakafa, wengi wao kwa mahindi waliyolima wenyewe yakahifadhiwa mabichi. Mwaka 2016 ikafika kwetu, Dodoma na Manyara. Macho hugeuka manjano, tumbo hujaa maji, ini linakufa. Anayekula kidogo kidogo miaka mingi haanguki ghafla, ila hujiwekea saratani ya ini, hasa akiwa na virusi vya homa ya ini B.

Kuku nao usiwape. Sumu hii iligunduliwa hukuhuku Uingereza, baada ya bata mzinga zaidi ya 100,000 kufa mwaka 1960 kwa kulishwa mashudu ya karanga. Ng'ombe akila, sehemu yake hutoka kwenye maziwa, na maziwa hayo ni ya wajukuu zako.

Kuchambua na kukoboa hupunguza sumu, sikatai, kwani nyingi hukaa kwenye ganda na kiini. Lakini hapo imehamia kwenye pumba, haijaondoka. Gunia lenye punje mbovu chache utaliokoa hivyo. Madebe yaliyokwisha kushikana kwa ukungu hayaokoki. Yafukiwe kwenye shimo refu mbali na kisima, kuku wasifukue, na asipewe mpika pombe, maana kuchachusha hakuiondoi.

Heshima ya chakula ianzie kwenye uanikaji wa haya mapya. Yaanikwe juu ya turubai, yasiguse udongo, tabaka lisizidi vidole viwili au vitatu, yageuzwe mara kwa mara na kufunikwa kabla umande haujashuka. Msiyapige kwa fimbo ndani ya gunia. Punje hupasuka, na ule ufa ndio mlango wa ukungu. Pukuchueni kwa mikono hata kama ni kazi ya siku nyingi.

Unyevu usizidi asilimia 13.5. Kuuma kwa meno kunadanganya, basi tumieni chumvi. Chukueni chupa ya kioo iliyokauka, mtie mahindi hadi theluthi yake, ongezeni vijiko vikubwa viwili vya chumvi, fungeni, mtikise dakika moja, muiache dakika 15. Chumvi ikinata kwenye kioo, unyevu umepita asilimia 15, rudisheni juani. Isiponata, bado ongezeni siku moja au mbili za jua kali, kwa kuwa kipimo hiki hakioni kilichopo kati ya 13.5 na 15.

Mifuko ya PICS, ile ya kuhifadhia nafaka isiyopitisha hewa, ina plastiki mbili ndani ya kiroba. Kila plastiki ifungwe peke yake, hewa ikamuliwe kwanza. Wadudu watakufa kwa kukosa hewa, lakini mfuko haukaushi: mahindi mabichi mkiyafungia humo mtafungua uozo. Muiweke juu ya chaga, mbali na ukuta.

Karanga za uji wa mtoto zichaguliwe moja moja. Iliyonyauka, iliyobadilika rangi au yenye ladha chungu isiingie kinuni.

Fedha ya madebe manne na ya mifuko mitano nimeituma kwa simu ya dada. Ile chumvi ya kupimia ikaangwe kidogo na kupozwa kwanza. Ikiwa imeshika unyevu itanata kwenye chupa hata mahindi yakiwa makavu, mtaanika bure wiki nzima.

Mwanao