Migahawa isiyokuwa na kufuli

Mambo Juma,

Nisamehe kimya changu ndugu yangu, tangu nishike bajaji ya usiku hata kuchaji simu nasahau. Jana saa nane usiku nimepaki hapa stendi Tabora nasubiri basi, njaa inauma vibaya, nakimbilia kwa mama wa chipsi namkuta ndo anafunga, ananiambia mwanangu mayai yameisha, kuna kapunje ka chipsi za baridi tu. Nikala hivyohivyo na chumvi.

Nikaingia zangu kwenye simu kupoteza muda, nikakutana na habari za Denny's, ile migahawa ya Marekani inayokesha. Unajua walianza na donati? Mwaka 1953, Lakewood huko California, jamaa wawili Harold Butler na Richard Jezak wakafungua kiduka wanakiita Danny's Donuts, yaani kama mtu aanze na maandazi hapo Ng'ambo. Jezak 1956 akajitoa, Butler akageuza ukawa mgahawa wa chakula, masaa 24. Halafu 1959 jina likawa Denny's, maana kulikuwa na wengine wanaitwa Coffee Dan's watu wanachanganya.

Sasa kilichonichekesha mpaka mlinzi akanimulika tochi: Krismasi ya 1988 wakaamua wafunge ili wafanyakazi wale sikukuu kwao, mara ya kwanza kabisa, si wakagundua matawi kibao hayana kufuli! Mengine yanazo ila funguo hakuna anayejua ziliko, tangu mlango ufunguliwe haujafungwa tena. Juma, matawi yenyewe zaidi ya elfu moja! Nikageuka kumwangalia mama wa chipsi, kibanda cha mabati kina kufuli tatu, na juu yake kazungusha mnyororo wa baiskeli.

Ndo nakuuliza, lile friza lako bado lipo? Kuna kibanda tupu pembeni ya geti, umeme upo, kodi elfu hamsini, na mabasi siku hizi yanatembea usiku kucha watu wanashuka na njaa zao. Mkeo akikaanga mpaka saa saba mi napokea mpaka alfajiri, si nakesha tu hata hivyo. Ila kufuli tutanunua bwana, hapa sio California.

Nijibu kabla ya Jumamosi, mwenye kibanda ana mtu mwingine anamsumbua.

Wako,
Shabani