Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti: Uchovu wa Mwalimu ni Suala la Usawa

Ndugu wanachama,

Mkutano mkuu uliopita ulitupa agizo moja zito: hali ya mwalimu ishughulikiwe kama sehemu ya kazi yetu ya kutetea usawa katika elimu. Baadhi yenu mliuliza, na mlikuwa na haki ya kuuliza, kama chama kilichoundwa kwa ajili ya watoto wanaoachwa nyuma hakipotezi dira kinapoanza kujadili usingizi na mapumziko ya walimu. Nitalijibu swali hilo kwanza, ndipo nieleze yaliyofanyika.

Uchovu wa walimu haugawanyiki sawasawa. Darasa lililofurika, lenye watoto walioingia na njaa, waliofiwa, wanaofundishwa kwa lugha wasiyoizungumza nyumbani, au wenye ulemavu ambao hakuna aliyewahi kuupima, ndilo linalommaliza mwalimu mapema. Mwalimu huyo akiondoka, nafasi yake hukaa wazi muda mrefu. Akipatikana mwingine, mara nyingi ni mgeni kazini, na watoto wanaanza tena kumzoea mtu ambaye naye huenda asikae. Mtoto wa shule yenye uwezo hapitii hayo, au huyapitia mara chache. Kwa hiyo tukiacha walimu wachakae, hasara haiwafikii watoto wote kwa kiwango kimoja, na hiyo ndiyo sababu suala hili ni la chama chetu.

Ushahidi upo. Mwaka 2013 Matthew Ronfeldt, Susanna Loeb na James Wyckoff walichapisha uchunguzi wao kuhusu wanafunzi wa darasa la nne na la tano katika jiji la New York. Pale walimu wengi walipohama, alama za lugha na hisabati zilishuka, na zilishuka zaidi katika shule zenye wanafunzi wengi weusi na wengi waliokuwa na alama za chini tangu awali. Walioumia ni pamoja na watoto ambao walimu wao wenyewe walibaki. Naomba tulitafakari hilo, maana linaonyesha kwamba anayeondoka huondoka na kitu cha shule nzima: kumbukumbu ya watoto, mazoea ya kusaidiana, na muda wa wenzake ambao sasa watautumia kuziba pengo.

Uchunguzi mwingine, wa Eva Oberle na Kimberly Schonert-Reichl nchini Kanada, ulitoka mwaka 2016. Walipima kotisoli, homoni ya msongo, kwenye mate ya wanafunzi zaidi ya 400 wa shule za msingi. Katika madarasa ambayo walimu walijieleza kuwa wamechoka zaidi, watoto walikuwa na kiwango cha juu zaidi asubuhi. Haijathibitishwa kipi kinaanza: huenda mwalimu ndiye anayewaambukiza watoto wasiwasi, huenda darasa gumu ndilo linalomchosha mwalimu. Kwangu mimi, njia zote mbili zinatupeleka kwenye kazi ileile.

Kisha kuna adhabu. Mtu aliyechoka huamua haraka, na uamuzi wa haraka hufuata dhana tulizozibeba bila kuzichunguza. Ndiyo maana mtoto yuleyule hutolewa nje ya darasa kila wiki. Jason Okonofua na wenzake walionyesha mwaka 2016, katika shule tano za California, kwamba walimu waliopewa mafunzo mafupi ya kuangalia jambo kwa macho ya mwanafunzi kabla ya kuadhibu walikuwa na wanafunzi waliosimamishwa masomo kwa takriban nusu ya kiwango cha wengine: asilimia 4.8 badala ya 9.6. Kumsikiliza mtoto aliyekosa kunahitaji subira, na subira ni kitu cha kwanza kumwishia mwalimu asiyelala.

Sasa kazi tuliyofanya.

Tulianzisha vikao vya wenzi katika matawi. Ni vikundi vidogo vya walimu wanaokutana kwa utaratibu, bila mkuu wa shule na bila kumbukumbu za maandishi. Mmoja analeta jambo linalomlemea, wengine wanasikiliza kabla ya kushauri. Vimeota mizizi pale ambapo mkuu wa shule aliruhusu vifanyike ndani ya saa za kazi. Pale vilipopangwa jioni, baada ya vipindi, vimefifia, na sioni wa kumlaumu: mwalimu mwenye watoto wadogo au mgonjwa nyumbani hawezi kupewa tiba ya uchovu kwa kuongezewa saa ya kazi.

Jambo lililotufunza zaidi ni orodha ya majukumu. Kamati iliomba kila tawi liandike kazi zote zinazofanywa na walimu nje ya vipindi, na nani anazifanya. Tulitarajia kukuta zamu, michezo na kusahihisha madaftari. Hayo tuliyakuta. Lakini yaliibuka pia mambo ambayo hayajawahi kuandikwa popote: kumtafsiria mzazi, kukaa na mtoto aliyepigwa nyumbani, kumfuatilia aliyeacha shule, kumtuliza yule ambaye wengine wameshindwa naye. Kazi hizi zinawarudia watu walewale. Mwalimu anayejua lugha ya watoto, mwalimu mwenye ulemavu, mwalimu aliyekulia katika umaskini kama wa wanafunzi wake, mwalimu wa kike kwa kila binti mwenye tatizo. Wanazifanya kwa moyo, na wengi walituambia wasingependa kuziacha, kwa kuwa wanajua mtoto huyo hana pengine pa kwenda. Wanachoomba ni zihesabiwe. Kazi isiyoandikwa haipunguziwi vipindi, haitajwi kwenye tathmini, na mwenye nayo akichoka huonekana mvivu kwa kuwa hakuna anayeona alichobeba. Tukimpoteza mwalimu huyo, tunampoteza yule yule ambaye watoto wa pembezoni walikuwa wanamwamini. Ninaiona orodha hii kuwa kazi muhimu kuliko zote za mwaka huu.

Huduma ya ushauri nasaha ilianza kwa kusuasua, kwa sababu wanachama walihofia majina yao kumfikia mwajiri. Tumekubaliana na washauri kwamba chama hakipokei jina la mtu yeyote aliyehudumiwa. Waliosita naomba wajaribu tena.

Kuhusu fedha, mhazini ana taarifa yake na sitairudia.

Kinachonisumbua ni hiki. Tangu suala la ustawi lianze kusikika, tunaalikwa kwenye semina za kupumua, mazoezi na kupanga muda. Sizipingi, wapo wanachama zilizowafaa. Ila tumeona semina ikitolewa mahali palipohitaji mwalimu wa pili. Mzigo wa mwenzio ni kanda la sufi, na ni rahisi kumwambia mtu ajitunze huku umemwachia madarasa matatu. Mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani lilieleza uchovu sugu wa kazi kuwa hali inayotokana na msongo wa muda mrefu kazini usiodhibitiwa ipasavyo, wala halikuuweka miongoni mwa magonjwa. Dalili zake ni tatu: kuishiwa nguvu, kujitenga na kazi au kuichukia, na kuona huna unaloweza. Chanzo kilichotajwa ni kazi, basi dawa nayo ianzie kazini. Na si hoja mpya. Pendekezo la Shirika la Kazi Duniani na UNESCO kuhusu hadhi ya walimu, la tarehe 5 Oktoba 1966, lilitaka mazingira ya kazi yamwezeshe mwalimu kuzingatia kazi yake ya kitaaluma.

Mwalimu kujitunza kuna nafasi yake. Kulala, kukataa jukumu la nne, kwenda hospitali kabla ya kuzidiwa, kumwambia mwenzako kwamba leo huwezi: haya ni sehemu ya kumtendea haki mtoto, na nisingependa mwanachama yeyote ayaonee aibu. Chama kina wajibu wa kuhakikisha anayeyafanya haadhibiwi.

Kamati inaleta maazimio mawili mbele yenu. La kwanza, majukumu yaliyoibuka kwenye orodha yaingizwe katika mgao wa kazi, na anayeyabeba apunguziwe vipindi. Mazungumzo na waajiri yaanzie shule zenye upungufu mkubwa wa walimu. La pili ni waraka wa saa za mawasiliano, ili ujumbe wa shule kwenye simu usidai majibu usiku wala siku za mapumziko, isipokuwa usalama wa mtoto uko hatarini. Rasimu ya waraka iko kwa makatibu wa matawi. Tafadhali isomeni na walimu wasiohudhuria mikutano yetu pia, hasa wale wa shule za mbali, kisha mrejeshe marekebisho kwa maandishi kabla ya kura kupigwa.

Mwenyekiti
Kwa niaba ya Kamati Tendaji