Mintarafu: waranti ya nyongeza ya Subaru WRX STI, na bomba mlilolitupa kwenye skrepa

Mombasa

Kwa Meneja Mkuu, na Mkuu wa Idara ya Waranti,

Bwana Meneja,

Natumai hamjambo. Barua ya idara yenu nimeipokea. Ina mistari minne, na mitatu ni ya salamu na shukrani. Wa nne unasema dai langu limekataliwa kwa sababu ya "uchakavu wa kawaida na matumizi makali". Niwieni radhi nami nikiandika kwa urefu, maana yale mliyoyafupisha ndiyo yenye pesa.

Mkataba mnao na vifungu vyenu mnavijua, sina haja ya kuwanakilia. Gari ni WRX STI ya 2017, injini EJ207, ambalo nyinyi wenyewe mliniuzia likiwa na kilomita 71,000. Siku hiyo hiyo, juu ya meza hiyo hiyo, mliniuzia na waranti ya miezi 24 kwa Ksh 168,000. Injini imekufa kwenye kilomita 83,000. Ninachodai ni chepesi: mlipe shoti bloku mpya (bloku ya injini pamoja na krenki, konrodi na pistoni zake) na kazi ya kuifunga, mnirudishie Ksh 35,000 za kufungua injini, na mnikabidhi bomba la kunyonyea oili.

Hilo bomba ndilo kesi yenyewe. Pampu ya oili hunyonya kutoka kwenye sampu, yaani bakuli la oili chini ya injini, kupitia bomba jembamba lililopinda, lenye kiungo kilichochomelewa. Kwenye injini za EJ kiungo hicho hujulikana kwa kupasuka. Fundi yeyote wa Subaru aliyewahi kushusha sampu atawaambia. Ufa ukitokea juu ya usawa wa oili, pampu hunyonya hewa pamoja na oili. Dipstiki inaonyesha imejaa, dereva hana habari, na beringi za konrodi, zile fito zinazounganisha pistoni na krenki, zinakauka. Ishara ya kwanza ni taa ya oili kupepesa injini ikiwa moto na gari limesimama. Ya pili ni mlio wa kugonga kutoka chini ya injini unapoachia mafuta kwenye mizunguko kama 2,500. Ukishausikia huo, krenki, shafti kuu ya injini, imeshachubuka.

Beringi ya konrodi namba 3 ilitoka imezunguka kwenye kikalio chake, imebaki rangi ya shaba tupu. Hapo sina ubishi na mafundi wenu, waliifungua vizuri. Ubishi ni kwa nini ilikauka.

Na hapa ndipo mkuu wenu wa karakana alipofanya aliyoyafanya. Bomba alikuwa nalo mkononi. Nilimwonyesha ufa: ulizunguka karibu nusu ya kiungo, na kingo zake zilikuwa za kahawia iliyokolea, oili iliyopikika ndani ya ufa kwa muda mrefu. Ufa wa juzi hung'aa. Aligeuza bomba mara moja tu, akasema kwa sauti ya kusikika hadi kwenye viti vya wateja: "Bosi, haya magari ya kukimbizwa hayana waranti. Ukitaka amani nunua Probox." Kisha akalitupa kwenye pipa la skrepa. Nilipoomba nipewe, nikaambiwa spea zinazofunguliwa chini ya dai ni mali ya kampuni.

Haya, tuzungumze hayo "matumizi makali". Injini ya turbo iliyouawa kwa kukimbizwa huacha ushahidi, na ushahidi huo haupo. Ingekuwa busti, presha ya hewa ya turbo, imepandishwa kupita kiasi, au petroli mbovu imeigongesha kwa kuwaka ovyo ndani ya silinda, mngekuta kingo za kushikia ringi kwenye pistoni zimevunjika, vichwa vya pistoni vimetobokatoboka, na chembe za aluminiamu kwenye plagi. Pistoni zote nne zilitoka nzima. Plagi zilikuwa safi. Shafti ya turbo haichezi. Kompyuta ya injini ina namba moja ambayo mtu wa Subaru huitazama kabla ya zote, kizidishio cha taimingi, yaani kiasi ambacho kompyuta inaiamini injini kuwasha petroli mapema. Injini ikigonga mara kwa mara, namba hiyo hushuka chini ya 1. Mafundi wenu waliisoma wakapata 1.0. Imeandikwa kwenye karatasi yenu ya uchunguzi, kwa mwandiko wao. Nyinyi mlioandika barua ya mistari minne, karatasi hiyo mliisoma?

Mtasema kona kali huisukuma oili upande mmoja wa sampu na bomba likanyonya hewa. Ni kweli, hasa oili ikiwa chini ya alama. Lakini kona haipasui kiungo cha chuma na kupaka kingo zake rangi ya kahawia. Na oili haikuwa chini ya alama. Servisi zote mbili zilifanywa karakana kwenu, kama mkataba unavyolazimisha, kila kilomita 5,000, 5W-40 ya sinthetiki. Risiti ni zenu. Kwenye ile ya kilomita 81,000 mngeikata ile filta kuukuu na kuikunjua karatasi yake mngeona vumbi la shaba. Ni kazi ya dakika chache kwa injini ya aina hii. Waranti yenu inamlazimisha mteja aje kwenu kwa servisi, kisha servisi yenyewe ni kumwaga na kujaza.

Sasa turudi kwenye vifungu viwili mnavyovichezea. Simu ya kwanza kutoka idara ya waranti, kabla ya hiyo barua, ilisema ufa ulikuwepo kabla ya mkataba, na hitilafu za awali hazilipwi. Barua inasema ni uchakavu na matumizi makali. Ufa ukiwa mzee, haulipwi kwa sababu ni wa zamani. Ukiwa mpya, haulipwi kwa sababu nimeuleta mimi. Chagueni kimoja, nitawafuata hapo hapo. Mkisema ni mpya, bomba ni sehemu ya ndani inayolainishwa kwa oili, nayo imo kwenye orodha ya vilivyolindwa. Mkisema ni mzee, basi mliniuzia gari lenye ufa, na hapo hatuko tena kwenye waranti. Tuko kwenye Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa, Sura ya 31, kifungu cha 16, kinachomtaka mfanyabiashara wa bidhaa hiyo auze kitu chenye ubora unaouzika. Kukagua gari kabla ya kununua hakuwaokoi, kwa kuwa mnunuzi hafungwi na kasoro ambayo ukaguzi wake usingeweza kuiona. Hakuna mnunuzi anayeshusha sampu yadini. Karatasi ya mnada wa Japani haioni ndani ya sampu, wala cheti cha ukaguzi cha kuingizia gari nchini hakioni.

Kijana wenu wa mauzo aliniuliza, kwa upole wa kuudhi, "Kama masharti hukuyapenda, waranti uliinunulia nini?" Swali zuri. Acha nilijibu kwa hesabu, maana naona wenyewe hamjaipiga.

Kikomo cha malipo kwa dai moja ni Ksh 150,000, spea na kazi pamoja. Kutoka hapo mnakata Ksh 20,000 za mteja. Kwa hiyo mkikubali dai kubwa kuliko yote, bila ubishi, mteja anapata Ksh 130,000. Amelipa 168,000. Injini ife yote, bado yuko chini kwa Ksh 38,000. Ili arudishe pesa yake, gari sharti lipate ajali mbili kubwa za kimitambo ndani ya miezi 24, na nyinyi mzikubali zote mbili. Hapo sijagusa kile kifungu cha kumchangisha mteja asilimia 40 ya spea gari likivuka kilomita 80,000, wala turbo, ambayo haimo mpaka uinunulie nyongeza yake. Turbo haimo, kwenye gari la turbo! Klachi haimo, taimingi belti haimo, beringi za magurudumu hazimo. Kilicholindwa ni kile kisichokufa kirahisi, na kikifa kinaitwa uchakavu.

Kwa gari la michezo la mkono wa pili, waranti ya nyongeza ina maana pale tu kikomo cha dai kinapofika bei ya injini nzima, uchakavu wa sehemu za ndani unapolipwa, gharama ya kufungua inapobebwa na kampuni dai likikubaliwa, na mtathmini anapokuwa si mtu wa muuzaji. Likikosekana moja kati ya hayo, pesa ni afadhali ikae Sacco. Ksh 168,000 ingenunua taimingi belti na tenshona yake, wota pampu, bomba la kunyonyea oili lililoimarishwa, geji ya presha ya oili na kipimo cha kompresheni cha silinda zote nne, pamoja na kazi, na chenji ikarudi. Belti pekee ni sababu tosha: kwenye EJ207 ikikatika, valvu hugongana na pistoni, na kilomita 100,000 zake zilikuwa zinakaribia. Mteja angekuwa na injini hai. Na wateja wa namna yangu tunajuana, tunaulizana kabla ya kununua.

Na kuhusu ile Ksh 35,000. Mlipasua bloku nzima wakati hatua ya kwanza ilikuwa kuinua injini kidogo kwenye mauntini zake na kushusha sampu. Bomba lingeonekana siku hiyo hiyo. Bloku ya boksa, injini kama hii ambayo pistoni zake zimelala pande mbili, ina nusu mbili, na ukishaitenganisha hakuna kurudi nyuma bila gasketi, sili na beringi mpya. Mlianza na hatua ghali, kwa gharama ya mteja, kisha mkakataa dai. Sasa karakana inanidai Ksh 1,000 kwa siku ya kuegesha gari ambalo nyinyi ndio mliolifungua!

Lakini nirudi kwa lile bomba, maana nadhani ofisini hamjaelewa kilichotokea. Barua yenu inasema uamuzi umetolewa "kwa mujibu wa ukaguzi wa mtathmini". Mkuu wa karakana alipolitupa, mtathmini alikuwa bado hajafika. Fomu ya dai ilikuwa juu ya kaunta bila sahihi ya mtu. Alilishika, akaona ufa, akapitisha ukucha wa kidole gumba juu yake, ukucha ukanasa. Nililiona hilo. Ukucha ukinasa, huo si mkwaruzo. Ndipo akaja na maneno ya Probox, mafundi wawili wakacheka, na bomba likaenda kwenye pipa pamoja na filta kuukuu na matambara ya oili. Mtathmini alipokuja pipa lilikuwa limeshamwagwa. Alikagua nini? Alikagua beringi iliyokufa akaandika "uchakavu", kwa sababu kilichoiua hakikuwa mezani. Bahati mbaya kwenu, fundi niliyekuja naye alilipiga picha kabla, kiungo kwa karibu, ufa na kingo zake za kahawia, na nyuma yake linaonekana benchi la karakana yenu lenye nembo ya kampuni.

Kwa hiyo madai niliyoyaandika juu hayatoshi tena. Nataka Ksh 540,000 za shoti bloku, usafirishaji, kodi na kazi, kama kadirio lenu wenyewe linavyosema, bila kikomo chenu, kwa kuwa aliyeharibu ushahidi hana haki ya kujificha nyuma ya kikomo. Nataka Ksh 35,000 za kufungua. Nataka Ksh 168,000 za waranti yote, kwa kuwa mliuza kitu ambacho kwa hesabu yake chenyewe hakimfaidi mnunuzi. Jumla ni Ksh 743,000. Ada ya kuegesha ifutwe. Na mkuu wa karakana aniombe radhi kwa maandishi, si kwa simu.

Mnazo siku 14 tangu kupokea barua hii. Zikipita, nitafungua kesi kwenye Mahakama ya Madai Madogo, inayosikiliza hadi Ksh 1,000,000 na kutakiwa na sheria iamue ndani ya siku 60. Malalamiko ya matangazo ya kupotosha yataenda Mamlaka ya Ushindani. Mamlaka ya Kudhibiti Bima nao nitawauliza swali moja: kampuni inayopokea pesa leo ili ilipe hasara ya kesho, ina leseni ya nani? Na mkishikilia kwamba ufa ni wa zamani, nitaliacha gari hapo hapo yadini kwenu na kudai bei yote niliyolinunulia. Hayo hayatakuwa madai madogo.

Mpaka mtakapojibu, injini isiguswe. Krenki, konrodi zote nne na beringi zake viwekwe kwenye mifuko yenye namba, sampu isioshwe, na orodha yake isainiwe mbele ya fundi wangu Jumatatu asubuhi. Atakuja na kamera.

Wenu,

Mwenye gari