Kumtafuta malkia wa nyuki na kumtia alama: barua kwa kaka na shemeji, Kimilili

Kaka na shemeji wapendwa,

Salamu kutoka Ujerumani. Huku ni wazima, na nimefurahi kusikia mvua imefika na kahawa imeanza kutoa maua. Mpeni mama salamu zangu. Swali lenu la nyuki nimeona nilijibu kwa barua, kwa simu tusingemaliza.

Mnauliza kumtia malkia rangi kuna faida gani. Huku wanatia hasa ili wajue umri wake. Kwenu kuna sababu kubwa zaidi: nyuki wa kwetu huhama. Mzinga unaweza kubaki mtupu wakati wa kiangazi, mvua ikinyesha kundi jingine likaingia, nanyi mkadhani ni wale wale. Mkimkuta malkia ana doa mliloweka, kundi ni lile. Mkimkuta hana, na mna hakika rangi ilishika vizuri, basi ama wamelea malkia mpya ama hao ni wageni. Bila kujua hilo, hamwezi kusema mzinga upi una nyuki wazuri wa kuzalisha.

Huku mizinga hufunguliwa saa sita mchana. Msiige. Nyuki wetu wakichokozwa jua likiwa kali hawatulii upesi. Anzeni saa kumi na moja jioni, bado mna mwanga wa kuona mayai, na ng'ombe waliofungwa karibu wahamishwe kwanza. Pulizeni moshi mara mbili au tatu mlangoni, msubiri dakika moja au mbili, kisha mfungue. Moshi ukizidi nyuki hukimbia ovyo juu ya masega, malkia hukimbia nao, na siku hiyo hamtamwona.

Msianze kwa kumtafuta malkia mwenyewe. Tafuteni mayai. Yai la siku ya kwanza husimama wima chini ya kijumba chake, na kufikia siku ya tatu huwa limelala. Mkiona yaliyosimama, malkia alikuwa pale ndani ya siku moja hivi, na mara nyingi hayuko mbali. Masega ya asali tupu yapiteni haraka, huko hana kazi.

Kwenye mzinga wa vibao vya juu, anzeni upande wa asali ili mpate nafasi, msogee polepole kuelekea kwenye majana, yaani watoto wa nyuki. Kila mnapoinua sega, mtupie jicho kwanza uso wa sega linalofuata, lile lililobaki ndani, kwa sababu mwanga ukiingia malkia hukimbilia gizani. Ndipo mtazame lililo mkononi, kingo kwanza, kisha katikati. Sega hilo limeshikwa juu peke yake, kwa hiyo lisilazwe kamwe; mkitaka upande wa pili, lizungusheni likiwa wima. Sega changa lenye joto hukatika kwa uzito wake, na likimwangukia malkia kazi imekwisha.

Kwenye Langstroth, ule mzinga wa sanduku wenye fremu zinazotolewa, kuna mbinu ninayoipenda zaidi. Toeni fremu moja ya pembeni, kisha zipangeni zilizobaki mbili mbili, mkiacha nafasi kati ya jozi na jozi. Subirini dakika chache. Malkia huingia katikati ya jozi mojawapo kwa sababu ndiko kwenye giza, nanyi mnazifungua jozi hizo kama kurasa za kitabu.

Macho yatafute mwendo na miguu, urefu peke yake hudanganya, maana dume naye ni mkubwa. Dume ana macho yanayokutana juu ya kichwa na kitako butu. Malkia ana tumbo refu lililochongoka, mabawa yasiyofika mwisho wake, miguu iliyotanuka, na mgongo unaong'aa kwa kukosa manyoya. Baada ya dakika ishirini bila kumwona, fungeni, mrudi baada ya siku kadhaa. Kung'ang'ania kunawachosha nyuki, na kundi linalosumbuliwa sana huhama.

Kabla ya kumgusa malkia yeyote, jifunzeni kwa madume. Hawana mwiba, na mkimwumiza mmoja hamjapoteza mzinga. Shemeji ana mkono mwepesi, naona yeye ndiye aanze.

Mkimpata, msimshike kwa vidole katikati ya nyuki wenye hasira. Mwingizeni kwenye kile kibomba cha plastiki chenye wavu na kisukumio cha sponji, mwende naye hadi chumbani, madirisha yakiwa yamefungwa. Akiruka ataenda dirishani, mtamchukua tena. Sukumeni sponji taratibu hadi mgongo wake uguse wavu, asibanwe tumbo. Kalamu ya rangi ya maji ijaribiwe kwanza kwenye ukucha, kwa sababu tone la kwanza huwa kubwa. Doa liwe la milimita mbili tu, katikati ya mgongo kati ya mabawa. Likimwagikia shingoni, kwenye mabawa au kwenye vipapasio vya kichwani, nyuki vibarua, wale wafanyakazi, humwona mgonjwa na huenda wakamwondoa.

Legezeni sponji, mngoje dakika tano. Rangi mbichi hulambwa na kubanduliwa, na harufu yake huwachokoza. Kisha kibomba kifunguliwe juu ya masega, atembee mwenyewe kuingia. Wakimzunguka na kumlisha, fungeni. Wakimfunika kwa kumkaba na kuwa donge, litumbukizeni donge lote kwenye beseni la maji, watamwachia. Mwekeni ndani ya kizimba kidogo kilichozibwa kwa sukari laini, watakula wenyewe hadi wamtoe wakiwa wametulia.

Malkia ambaye bado hajaanza kutaga msimtie rangi. Ni mwepesi kuruka, na akisumbuliwa kabla ya kupandwa mnaweza kumpoteza. Na kule kumkata bawa, ambako huku wengine hufanya, ninawasihi msikufanye: kundi likihama, yeye huanguka nyasini.

Rangi hufuata tarakimu ya mwisho ya mwaka aliozaliwa: nyeupe ni 1 na 6, njano 2 na 7, nyekundu 3 na 8, kijani 4 na 9, bluu 5 na 0. Nyekundu haionekani vizuri jioni, ila mfuate mpangilio tu, ili hata anayenunua kundi kwenu aelewe. Chini ya kifuniko cha kila mzinga andikeni kwa penseli tarehe, rangi, na kama mayai yalikuwapo.

Nimewatumia vibomba viwili na kalamu tano kupitia kwa binamu anayekuja mwezi ujao. Kabla hajafika, tazameni ule mzinga wa karibu na miti ya kaliandra: kama kuna vyumba vilivyoning'inia kwa umbo la karanga, msimguse malkia wake, huenda wanajiandaa kugawanyika. Niandikieni mliyoyaona.

Ndugu yenu awapendaye.