Barua ya Wazi kwa Waziri wa Afya: Bahasha ya Dawa Iseme Kiswahili

Kayole, Nairobi

Mheshimiwa Waziri,

Mamangu alimeza nitrofurantoini kila usiku kwa miezi minane, ili maambukizi ya njia ya mkojo yasimrudie. Mkojo ukageuka rangi ya strungi, tukadhani hanywi maji ya kutosha. Akaanza kujikuna, chakula kikamshinda. Kliniki moja ikamtibu taifodi mara mbili, na ile dawa ya usiku akaendelea nayo, kwa kuwa hakuna aliyemuuliza anameza nini. Jirani ndiye aliyeona macho yamekuwa manjano.

Daktari aliyemwokoa alianza na swali hilo. Alitueleza kuwa hii si sawa na kuzidisha parasetamoli, ambako wingi wa dawa ndio sumu. Mama hakuzidisha hata kidonge kimoja. Dawa ilichokoza kinga ya mwili wake, nayo kinga ikaligeukia ini. Dawa ikasimamishwa, akapewa prednisoloni, dawa ya kuituliza kinga hiyo, na polepole macho yakarudi meupe. Methildopa, wanayoandikiwa wajawazito wenye presha, nayo huweza kuleta haya. Ni wachache wanaopatwa, na simwambii mtu aache dawa kabla ya kumwona daktari. Lakini wachache hao ni mama za watu.

Pakiti ya kwanza ilikuwa na karatasi iliyotaja ini, kwa Kiingereza, kwa herufi ndogo mno. Baadaye alikuwa akihesabiwa vidonge na kutiliwa katika bahasha ya kaki iliyoandikwa "1x1" basi. Kifungu cha 7 cha Katiba ya 2010 kinasema Kiswahili ni lugha ya taifa na lugha rasmi. Cha 46 kinampa mnunuzi haki ya kupata habari anazohitaji. Naomba uagize bahasha hiyo iandikwe hivi: Ukiona macho ya manjano, mkojo mweusi au mwili kuwasha, rudi upesi na ubebe dawa zako zote.

Chini yake iwekwe namna ya kuripoti kwa Bodi ya Famasia na Sumu. Hata mgonjwa mwenyewe anaruhusiwa kuripoti madhara ya dawa. Sisi tulilijua hilo mama akiwa ameshapona.

Siku hizi hamezi kidonge chochote kabla sijamsomea karatasi yake. Nikichelewa kutoka kazini Industrial Area, ananingoja, hata kama kichwa kinamuuma.

Wako kwa heshima,
Binti yake