Kikao cha Jumamosi: wagombea wetu wa udiwani

Asalaam aleykum na habari za jioni, wanakikundi.

Kikao kimesogea. Sasa ni Jumamosi saa 10 jioni, palepale Chikongola chini ya mwembe. Wagombea watatu wa udiwani wamekubali kuja, kila mmoja dakika 15.

Kuna waliouliza kwa nini tusiwaite wanaotaka umeya. Jamani, meya hatumchagui sisi. Madiwani ndio wanaomchagua, tena kutoka miongoni mwao. Kwa hiyo swali letu ni hili: ukipita, umeya utampa nani, na kwa nini? Akianza kuzungukazunguka, mrudisheni kwenye mtaro wa sokoni, ule tunaovuka kwa ubao kila masika.

1. Mchango sh. 2,000 kwa mwekahazina, mwisho Alhamisi (viti, spika, chai na mihogo).
2. Kila mtu swali moja, liandikwe.
3. Kanga na fulana za vyama zibaki nyumbani. Mgombea akija na za kugawa, azirudishe garini.

Bi Somoe, birika kubwa lile, tafadhali.

Andika NAKUJA au SIJI hapa kabla ya Alhamisi saa 2 usiku. Kidole gumba peke yake sikihesabu, mwezi uliopita viliniponza viti 11.