Mictlan si jehanamu

Mhariri,

Ukurasa wenu wa teknolojia wa Jumamosi iliyopita ulikuwa na makala kuhusu michezo ya video iliyochota katika imani za Wamaya na Waazteki, wenyeji wa kale wa Mexico na Amerika ya Kati, juu ya maisha baada ya kifo. Nimeisoma mara mbili, maana si kila siku mambo hayo huandikwa kwa Kiswahili. Lakini mwandishi wenu ameiita Mictlan, makao ya wafu ya Waazteki, "jehanamu ya Waazteki" mara tano, na ya tano ikanishinda.

Kiswahili kina maneno mawili hapa, na hata waliotafsiri Biblia hawakuyachanganya. Kuzimu ndiko waliko wafu. Jehanamu ni moto wa adhabu. Mictlan ni kuzimu. Huko hakuna aunguzwaye kwa dhambi zake. Aliyekufa kwa maradhi au kwa uzee, awe mwizi au mtu wa watu, alishuka huko huko. Kilichowatenga wafu ni namna walivyokufa. Askari aliyeuawa vitani alilisindikiza jua kutoka mawio hadi utosini, na baada ya miaka 4 akageuka kipepeo, au kindege kinachofyonza maua kama chozi wetu. Kuanzia utosini hadi machweo, jua lilipokewa na wanawake waliofariki wakijifungua, kwa kuwa uzazi nao ulihesabiwa vita. Aliyezama majini au kupigwa na radi alikwenda kwa Tlaloc, mungu wa mvua, ambako mahindi na maboga hayaishi. Kitoto kichanga kilipelekwa kwenye mti unaodondosha maziwa.

Sasa tuje kwenye mchezo uliosifiwa zaidi katika makala ile, Grim Fandango wa mwaka 1998, kazi ya Tim Schafer na wenzake wa LucasArts. Mpwa wangu anao ule uliofanyiwa ukarabati mwaka 2015, nami nimekaa nyuma ya kiti chake jioni nyingi kuliko ninavyopenda kukiri. Manny Calavera, mifupa mitupu ndani ya suti, ni wakala wa safari za wafu. Safari yenyewe ni ya miaka 4, na kila sehemu ya hadithi huanguka kwenye Siku ya Wafu ya Mexico. Aliyeishi vyema hupata tiketi ya treni ya Namba Tisa, akafika kwa dakika 4. Aliyeishi vibaya hupewa fimbo, atembee.

Mpwa wangu alinigeukia: "Mjomba, kwani huko nako kuna nauli?"

Hapo ndipo penyewe. Miaka 4 ni ya Waazteki, ile tisa ni yao pia, maana Mictlan ilikuwa na ngazi tisa. Lakini tiketi ya wema haikutoka kwao. Silalamiki, hadithi nzima ya Manny inasimama juu ya tiketi zilizoibwa, ukiziondoa hakuna mchezo. Ninachosema ni kwamba msomaji wenu ameachwa aamini kuwa Waazteki walikuwa na mizani ya dhambi na thawabu kama ya kwetu.

Kinachonisikitisha zaidi ni kile ambacho makala haikukigusa. Katika karne ya 16, wazee waliosema Kinahuatl, lugha ya Waazteki, walimsimulia padre Bernardino de Sahagún jinsi maiti alivyoagwa. Alimwagiwa maji kichwani, akapewa na mengine ya njiani. Akawekewa karatasi, moja baada ya nyingine, huku akiambiwa: kwa hii utapita kati ya milima miwili inayogongana; kwa hii utampita nyoka anayelinda njia; kwa hii, mjusi wa kijani. Nguo zake zilichomwa pamoja naye zimkinge na upepo wenye makali ya wembe. Mdomoni alitiwa jiwe la kijani, ndio moyo wake. Ndugu waliendelea kumchomea sadaka baada ya siku 80, kisha kila mwaka, hadi ule wa nne.

Mchezo uko hapo tayari, na mchezaji wake si marehemu. Ni yule aliyebaki nyumbani, anayeamua ni karatasi gani itiwe na nini kisahaulike, wakati hawezi kuona njiani kunatokea nini. Mwaka wa nne ukiisha, aliyekufa anafika mwisho na kutoweka kabisa. Sijui mtengenezaji gani atathubutu kumalizia hapo.

La pili, kwa ufupi. Makala ilisema Xibalba na Mictlan ni majina mawili ya mahali pamoja. Hapana. Xibalba ni ya Wamaya. Habari zake nyingi zimo katika Popol Vuh, kitabu cha Wak'iche' wa nyanda za juu za Guatemala. Lugha yao na Kinahuatl hazina undugu wowote. Ni sawa na kusema Wamasai na Wadigo ni wamoja kwa kuwa wote wako Afrika Mashariki. Tena Xibalba ina ujanja wake. Mashujaa wa kitabu hicho ni mapacha, Hunahpu na Xbalanque. Baba yao pamoja na ndugu yake walichekwa na mabwana wa huko kwa kuamkia sanamu za mbao wakidhani ni watu. Zamu ya mapacha ilipofika, walitanguliza mbu. Sanamu zikaumwa, kimya. Bwana aliyefuata akapiga kelele, jirani yake akamwuliza kwa jina kuna nini, na hivyo hivyo mpaka wa mwisho. Mapacha walipoingia, walizipita sanamu na kumwita kila bwana kwa jina lake. Usiku wakapewa sigara za kuwaka hadi asubuhi bila kupungua. Wakazibandika vimulimuli kwenye ncha.

Naomba basi neno "jehanamu" lisahihishwe.

Mpwa wangu ameniuliza pia habari za mbwa. Njiani kwenda Mictlan kuna mto, na marehemu huvushwa na mbwa wa manjano tu. Mweupe hukataa, anasema ndio kwanza ameoga. Mweusi naye anasema amejipaka masizi sasa hivi. Mbwa wetu ni mweupe. Nimemwambia tusimtegemee.

Mjomba wa mchezaji,
Morogoro